Nisafishie Picha Hii Vizuri

9 Februari

Wifi yangu mchokozi,

Nakusalimu wewe, namsalimu Mama, nakisalimu na kile kiti cha studio kinachowanyoosha wateja migongo mpaka wote wanatoka kwenye picha wamekaa kama askari. Mimi mzima. Kikohozi kimekwisha. Paa la kibanda limeacha kuvuja, au mvua imeacha kunyesha, bado sijajua ni lipi. Majirani zangu, mlinzi wa msitu na mkewe, ni wazima pia. Mkewe ananicheka kwamba naongea na maua. Nimemwambia nimewaamrisha watu wa pasipoti miaka yote hiyo, inua kidevu, tazama hapa, usicheke. Maua angalau hayafumbi macho.

Sikio la Mama linaendeleaje? Ukimsomea barua hii, mpaka hapa pandisha sauti. Kuanzia hapa soma kimoyomoyo.

Nimelipata, wifi. Ile okidi iliyopotea. Unakumbuka Bwana wa Kitabu, yule anayeandika kitabu cha okidi zote za milima hii? Siku ya kwanza nilipoingia ofisini kwake aliniambia lipo ua moja ambalo hakuna aliye hai aliyeliona likichanua, na kwamba ataliandika kwenye kurasa za mwisho pamoja na yaliyotoweka. Akaniambia nikiliona nimletee picha, akacheka kwa adabu. Kile kicheko ndicho kilichonifanya nikuachie studio ya kaka yako nije kulala huku.

Nimepita chini ya mti ule mara nyingi kama kipofu. Juzi mchana nikasikia harufu, tamu lakini ina ukali kidogo, nikaanza kuitafuta chini kwenye majani. Kumbe mwenyewe yuko juu, amekaa kwenye panda ya tawi. Hanyonyi mti, usidhani. Ni mgeni aliyekuja na chakula chake. Mlinzi alinishikia kamba nikapanda. Kikonyo kimoja, maua matatu. Sitakueleza yalivyo, utaona mwenyewe, na anayelijua atalijua kwa kulitazama tu.

Ukungu ulishuka papo hapo. Ni picha moja tu iliyotoka sawa, ya ua moja kwa karibu. Nyingine ni kama nimepiga picha maziwa. Kadi ya kamera hii hapa, nimeifunga kwenye pamba. Nisafishie picha hii vizuri, kwa karatasi ile nzito, umpelekee Bwana wa Kitabu mkono kwa mkono. Ukimaliza futa kadi unirudishie kama kawaida, ninazo mbili tu.

Usiniulize ni mti gani. Wako watu wanaozing'oa hizi kwa magunia. Mlinzi nimemwapisha, na mimi nimejiapisha.

Wifi yako wa msituni


17 Februari

Wifi uliyejiapisha,

Kadi imefika na pamba yake, nasi sote tu wazima. Mama ni mzima kasoro masikio. La kushoto nalo limegoma, sasa ukimwambia chai imeiva anauliza nani kaibiwa. Studio imejaa wahitimu, kila mmoja na joho la kuazima, na kila mmoja anataka atoke mweupe kuliko alivyozaliwa. Juzi nimemtoa mmoja kovu, nikamtoa na kitambi, akaniuliza kama naweza kumwongeza urefu.

Picha yako nimeisafisha. Wifi, nimeisafisha haswa. Niliwaacha wahitimu wananuna kwenye benchi, nikaikuza kwenye kompyuta mpaka ua likajaa kioo kizima, nikalipitia sehemu kwa sehemu kama ninavyompitia bibi harusi. Hakuna bibi harusi niliyewahi kumfanyia kazi ile. Nikaichapa kwa karatasi nzito, nikaitia kwenye bahasha ngumu, nikaenda nayo mwenyewe. Ofisi iko ghorofa ya tatu na ngazi zake zimenitoa roho. Kwenye korido kunanuka dawa ya nondo. Bwana hakuwepo, nikamkabidhi karani wake nikamkodolea macho mpaka alipoifungia kabatini. Kadi nimeifuta, hii hapa.

Sasa la Mama. Amesikia umelipata, usiniulize nani kamwambia, nyumba ina kuta. Ametandika kitanda chako. Anasema mke wa mwanawe hawezi kuzeekea juu ya mti, na kwamba kaka angekuwa hai angekufuata huko na kamba ya pili. Ulituambia utarudi ukilipata. Umelipata. Nimjibu nini?

Wifi yako wa mjini, mwenye ulimi


26 Februari

Wifi mwenye ulimi,

Salamu nyingi. Hongera kwa kumpunguza mtu kitambi bila kumnyima chakula. Huku mke wa mlinzi amejifungua mtoto wa kike, mwenye afya na sauti. Msitu mzima umejua. Mimi ndiye nimempiga picha ya kwanza, na nimemruhusu kulia.

Mwambie Mama hapana. Mwambie taratibu, lakini mwambie hapana. Mimi sikusema nitarudi nikilipata. Nilisema sirudi kabla sijalipata. Hayo si maneno mamoja, na wewe ulikuwepo, kwa hiyo usijitie hamnazo.

Nilipoolewa kwenu nilimkuta kaka yako na kamera na chumba chenye pazia la buluu. Nilimpenda, na kazi yake nikaipenda kwa sababu ni yake. Nimepiga sura zilizokatazwa kucheka mpaka nikawa naziota. Watoto wa shule wamekuwa watu wazima, wakanirudia na watoto wao, nikawaambia maneno yaleyale. Kaka yako amelala, Mungu amrehemu. Kazi ile aliniachia yeye. Hii nimejichagulia mwenyewe, nayo haina wa kuniambia saa ya kufunga.

Kitanda hicho alazwe mgeni. Mimi nasubiri neno la Bwana wa Kitabu tu. Akiandika kwamba lipo, liko hai, basi sikupanda miti bure na hakuna wa kuniambia kitu, hata nyinyi. Ua bado limechanua. Nalitazama kutoka chini kila ninapopita.

Wifi yako asiyerudi


7 Machi

Wifi,

Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, ingawa amenuna. Bomba la jikoni limepasuka na fundi amekuja, akalitazama, akaondoka. Hongera kwa mtoto wa majirani.

Bwana wa Kitabu ameniita. Aliniwekea kiti, akatoa picha yako kwenye bahasha, akaiweka chini ya taa na kuitazama tena mbele yangu. Akasema, "Picha nzuri sana. Lakini hili ni lile la kawaida, mama. Lililopotea lina doa moja jeusi hapa mdomoni. Hili halina doa." Akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Kumbe lile jani la chini la ua wanaliita mdomo.

Nikamwambia nitakuandikia. Nimekuandikia. Labda ni mwanga. Labda ni ukungu uliousema.

Bomba bado linavuja, wacha nikatazame ndoo.

Wifi yako


15 Machi

Wifi,

Salamu kwa Mama. Salamu kwa bomba.

Mimi nina macho. Nimelitazama ua lile kwa umbali wa kiganja, nimening'inia kwenye kamba kama nguo mbichi, na doa nimeliona, jeusi kama tone la wino. Kwenye kioo cha kamera lilikuwepo. Mlinzi naye aliliona, na hata mkewe alipoonyeshwa kwenye kamera alisema ua limejipaka wanja mahali pasipo pake. Huku juu lile la kawaida limejaa kila mti, silikosei na hili hata nikiwa nimelala. Tofauti yao ni doa hilohilo. Ukiliondoa hakuna tena cha kutofautisha.

Sasa nataka jibu la mstari mmoja, usinizungushe na mabomba. Barua yako ya nyuma umesema umelisafisha kama bibi harusi. Mimi nilidhani unajisifu tu kama kawaida yako. Nilikuandikia nisafishie picha, maana yake nitolee picha, kama tulivyokuwa tunasafisha filamu kwenye kile chumba cha giza, wewe ukiwa msichana unamwaga dawa sakafuni na kaka yako anakufokea. Kusafisha picha ni kuitoa. Wewe ulifanya nini?

Wifi yako


23 Machi

Wifi yangu,

Mstari mmoja: nililifuta.

Na sasa mistari yangu. Mimi sikai kwenye chumba cha giza. Chumba cha giza sasa ni stoo ya viti. Kwangu mimi mteja akisema nisafishie, anataka chunusi itoke, na wewe hukusema nitoe, hukusema nichape, umesema nisafishe, tena vizuri. Nimekuta kitu cheusi mdomoni mwa ua. Nikasema maskini, kapigwa picha akiwa na inzi, au amelala vibaya. Nikakitoa kwa upole, nikaziba kwa rangi ya pembeni, na kwa kweli kazi ile hata wewe usingeiona. Ungeniambia neno moja, wifi, neno moja tu, kwamba doa ndilo lenyewe. Lakini wewe ni mtu wa viapo. Siri ikikaa sana na mwenyewe, humrudi.

Nimekosa, sikatai. Ila sikosi peke yangu, na hilo nalo sikatai. Ya asili haipo tena, niliyoisafisha niliihifadhi palepale juu yake, na kadi nikakufutia kama ulivyoagiza.

Sikukaa nikilia. Nilipanda tena zile ngazi, nikamweleza Bwana wa Kitabu yote, mpaka neno kusafisha. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka. Aliniambia ananiamini mimi, lakini kitabu hakiwezi kuniamini. Hata ukipiga picha nyingine hataichukua, kwa sababu studio iliyoweza kutoa doa inaweza kulitia. Ungemjibu nini? Anachotaka ni ua lenyewe. Amenipa chupa yenye spiriti na kisu kidogo kwenye ala, vyote nimempa dereva wa gari la posta akuletee. Ukate kikonyo kimoja, ukitumbukize humo, basi. Kitabu kinakwenda kwa wachapaji mwisho wa Aprili.

Yako maua matatu. Kata moja, wifi. Yatabaki mawili, na yataandikwa kuwa hai. Mama amesema ukikata urudi nalo mwenyewe, nami nimemwambia tuanze na moja kwanza.

Wifi yako aliyesafisha


20 Aprili

Wifi,

Samahani kwa kimya. Gari la posta lilikwama upande wa pili wa mto, na mimi nilikuwa na shughuli. Mtoto wa jirani anacheka sasa. Salamu kwa Mama, mwambie nakula.

Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Nilipasua kuni za mwezi mzima. Kisha nikacheka peke yangu nilipofikiri ua linawekewa rangi ya pembeni. Yamekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na nusu ya ndoo nilikuwa nimeishika mimi.

Lakini kukata sikati.

Maua matatu hayana vikonyo vitatu, yote yako kwenye kikonyo kimoja. Kisu kikipita hapo kimepita pote. Na hata ningeweza kunyofoa moja, nisingenyofoa. Mti ule una okidi hiyo moja. Nimeizunguka miti yote ya jirani, sikuona ya pili. Mwaka jana haikuchanua kabisa, ndiyo maana sikuwahi kuisikia harufu. Sasa imejikaza imetoa maua, labda yapate mbegu, na mimi nije niyatie kwenye chupa ili mtu aliyekaa ghorofa ya tatu aridhike kwamba yako hai? Huwezi kumkata mtu kidole ili uthibitishe anapumua. Mwambie Bwana wa Kitabu hivyohivyo, usilainishe. Mwambie mti hauna miguu, yeye anayo. Kama anataka kuona doa, aje alitazame mahali linapokaa.

Kisu nimempa mke wa mlinzi, anakatia vitunguu. Spiriti nayo haikupotea, ametumia kusafishia kidonda changu. Nasema kusafisha kwa maana yake ya kawaida. Si kidonda kikubwa.

Wifi yako


29 Aprili

Wewe mwanamke,

Mama hajambo, mimi sijambo, salamu zimekwisha. Mwandiko wa barua yako umelala upande kama ua lisilomwagiwa maji. Umeandika kwa mkono wa kushoto. Mtu hatumii mkono wa kushoto kwa sababu ya kidonda kisicho kikubwa. Ulipanda tena kwenda kupiga picha nyingine, ukaanguka, na barua yangu ndiyo iliyokupandisha. Ukikataa nitakuja huko niuhesabu mkono wako vidole mwenyewe, na unajua ninavyoogopa ruba.

Nimekwenda kwa Bwana wa Kitabu kumpa neno lako. Sikulilainisha. Aliniuliza kama ningependa kuliona hilo lililopotea, kwa sababu analo. Nikasema naam. Wifi, kule kuna makabati ya chuma mpaka darini, na ndani yake karatasi, na ndani ya karatasi maua yaliyokauka. Akavuta moja kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto mchanga. Lilikatwa na mtu ambaye kaburi lake halijulikani tena, nalo ndilo pekee lililopo duniani, anavyosema. Rangi ya majani ya chai. Bapa. Nikainama kutafuta doa.

Hakuna doa. Limefifia, limekuwa rangi moja na mwenzake wa kawaida. Nikamtazama, akajibu kabla sijauliza, kwamba doa wanalijua kwa maandishi ya aliyelikata tu. Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayeonyesha picha ya marehemu mama yake iliyoliwa na panya.

Niliposhuka ngazi nilikuwa nimebadilika. Nilikuambia kata moja. Nafuta, na hili nafuta kwa akili zangu zote. Mimi nimelifuta doa kwa kompyuta, yeye analifuta kwa kabati, na pale juu ya mti lipo, jeusi, halijaguswa. Liache.

Kitabu kimekwenda kwa wachapaji, na amenialika kwenye uzinduzi wake. Amesikitika, lakini ameliandika kwenye kurasa za yaliyotoweka. Anasema mlango wa kuingilia kitabuni ndivyo ulivyo. Nikamwambia mlango ni wake, ua ni la mlima.

Niambie ukweli kuhusu mkono.

Wifi yako


13 Mei

Wifi,

Salamu, na unibusie Mama.

Nilianguka nikitafuta picha nyingine, ya kwangu mwenyewe, si ya kitabu. Mfupa umevunjika chini ya kiwiko, mganga wa zahanati ameufunga, unaunga. Kamera imevunjika zaidi yangu. Sikukuambia kwa sababu ungemwambia Mama, na Mama angemtuma mtu aje anibebe kama gunia.

Sasa unajua, na sirudi. Usinijibu kwa hilo.

Maua mawili yamedondoka. La tatu limenyauka, lakini nyuma yake pamevimba kijiganda cha kijani, kirefu kama njugu. Kuna mdudu aliyefanya kazi yake. Mimi nilikuwa chini na mkono shingoni namtazama mlinzi akinisimulia kwa sauti kutoka juu, na nililia, basi, wala sioni aibu. Kimevimba bila karani, bila chupa, bila mimi.

Unasema umealikwa kwenye uzinduzi wa kitabu. Nenda, mtu amekuheshimu. Kaa nyuma, kula walichoandaa, na ufunge mdomo. Usinitetee. Nimekataa masharti yao kwa hiari yangu, sitaki waseme nimetuma wifi kwenda kulialia. Naujua ulimi wako.

Wifi yako mwenye mkono mmoja na nusu


22 Agosti

Wifi yangu,

Tu wazima. Fundi wa bomba amerudi, amelitengeneza, sasa linavuja mahali pengine. Nimefurahi mwandiko wako umesimama.

Nimekwenda kwenye uzinduzi, nikakaa nyuma kabisa kama ulivyoagiza. Mama alitaka kuja, nikamvisha akaja. Ukumbi ulikuwa wa viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa, na picha za okidi ukutani, nzuri, ingawa mbili zilikuwa zimepigwa na mtu asiyejua mwanga. Watu wengi wa tai. Bwana wa Kitabu alisoma kidogo kuhusu haya, kidogo kuhusu yale, akapigiwa makofi. Kisha akasema kitabu kina kurasa za mwisho, akaomba tusimame kimya wakati anasoma majina ya yaliyotoweka.

Tukasimama. Alisoma polepole, yale majina yao marefu. Kimya kabisa, mpaka feni ilisikika. Mama akanivuta mkono. Unajua asiyesikia hajui anapiga kelele. Akauliza, ukumbi mzima ukamsikia, "Nani amekufa?"

Wifi, ulinikataza kusema. Sikusema. Nilimjibu mama yangu mzazi, na mama yangu hasikii usipopaza sauti. Na wakati ule ndipo alipokuwa analitaja jina la ua lako, lile aliloniandikia kwenye karatasi. Nikamwambia, "Hajafa mtu, Mama. Ni ua. Na hilo halijafa, limefungwa tu kitabuni."

Shingo zote ziligeuka. Karani yule niliyemkodolea macho alinifanyia ishara niketi. Sikuketi. Nilifikiri kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nimesimama, hasa kwa kuwa wote walikuwa wamesimama. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini maneno yalikuwa yameshatoka na sikutaka yarudi. Bwana wa Kitabu alivua miwani. Akasema kwa upole kwamba mama aliyesema kule nyuma anamfahamu na ana sababu zake. Akamaliza kusoma. Jina lile hakulirudia.

Baadaye wakati wa chai alitujia, akamsalimu Mama kwa heshima, akaniuliza, "Nikija bila kisu, wifi yako atanipeleka?" Nikamwambia sijui njia, na ningeijua nisingemwambia, lakini nitakuuliza. Anasema kitabu kikichapwa mara ya pili kurasa za mwisho zinaweza kupungua, kama yeye mwenyewe ameona kwa macho yake. Anasema pia kwamba hata zisipopungua angependa kuliona. Hilo la pili ndilo nililoliamini.

Tulipofika mlangoni kwetu Mama akasema nikuambie uvae kitu kizito, huko ni baridi.

Nimpe jibu gani?

Wifi yako, na ulimi wangu


4 Septemba

Wifi yangu na ulimi wako,

Mwambie Mama nimevaa. Mkono umeunga, una kona kidogo ambayo haikuwepo. Mtoto wa jirani ameanza kukaa mwenyewe, na akianguka anaangalia kwanza kama kuna anayemtazama ndipo alie.

Nilikukataza kusema na ukasema mbele ya ukumbi mzima. Nimemsomea mlinzi barua yako, nimemsomea mkewe, na nimeisoma tena peke yangu. Asante.

Bwana wa Kitabu mjibu hivi. Aje. Kisu akiache huko, chupa aiache huko, na karani wake pia. Aje na viatu vizuri na asiniletee hati ya kutia saini. Ua hatalikuta. Ganda limekauka, limepasuka, mbegu zimepeperuka kama vumbi na sijui zimeangukia wapi, na sitatafuta. Atakuta majani manne juu ya tawi, ya kijani, yasiyo na dalili ya kitu chochote, sawa kabisa na ya mwenzake wa kawaida. Itabidi angoje Februari. Na Februari ikifika huenda lisichanue, maana haliahidi mtu. Atangoja tena, atalala kwenye kibanda kinachovuja, na hataniuliza ni lini.

Akiweza kungoja hivyo nitampandisha mwenyewe kwa mkono huu wenye kona, nimwonyeshe doa, na aandike atakavyo. Asipoweza, aliache kwenye kurasa zake za wafu. Wala usimwombe na wala usimbembeleze, kwa sababu huku juu hakuna kitakachobadilika. Siku yake ikifika litachanua hivyohivyo na doa lake mdomoni. Halisomi vitabu.

Wifi yako